Msingi wa banda la gari kwenye udongo wa mbuga

Muulizaji, Shinyanga

Habari zenu ndugu zangu. Nina kiwanja nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na ninakusudia kujenga banda la gari lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, ubavuni mwa nyumba ninayoishi. Kuta zitakuwa za tofali za saruji za inchi 6, paa ni la bati, na gari ni pikapu ambayo hata ikipakia haizidi tani 3. Shida yangu ni udongo. Nyumba iko juu kidogo, kwenye kichanga, lakini upande wa banda ardhi inateremka kuingia mbugani, kwenye ule udongo mweusi ambao wakati wa mvua hung'ang'ania kiatu mpaka ukakivua, na ambao ikifika Septemba hupasuka nyufa za kuingiza ngumi. Ukuta wa uzio wa upande huo, wenye msingi wa mawe wa kina cha sentimita 60, umeshapata ufa unaopanda kama ngazi kufuata maungio ya tofali. Kiangazi ufa hupanuka, mvua zikinyesha hujifunga.

Fundi mmoja ananishauri nijenge msingi wa kawaida wa ukanda, yaani unaopita chini ya kuta tu, ila niuteremshe zaidi. Mwingine anasema niondoe udongo wote nijaze mchanga. Wa tatu anasisitiza jamvi la zege, yaani bamba moja chini ya banda zima, lenye nondo na mihimili. Gharama zinapishana sana, na ningependa kuelewa sababu kabla sijanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Fundi mwashi

Ndugu, usichague msingi kabla hujachimba shimo. Chimba mashimo mawili, moja karibu na nyumba na jingine kwenye kona iliyo mbali, ushuke hadi mita 2 au mpaka ukutane na moramu (ule udongo mgumu wa changarawe) au mwamba. Ukiikuta moramu ndani ya mita 1, basi shauri limekwisha: ondoa udongo mweusi wote, jaza moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lilowanishwe kiasi na kushindiliwa kwa mashine kabla ya kuweka linalofuata, kisha jenga msingi wako wa kawaida.

Hilo la mchanga nakuomba sana ulikatae. Mchanga hupitisha maji na udongo wa mbuga unaouzunguka hauyapitishi, kwa hiyo unakuwa umechimba bwawa chini ya sakafu yako. Niliwahi kuitwa kutazama banda lililojengwa hivyo. Sakafu ilikuwa imevimba katikati kiasi kwamba mlango wa chuma haukufunguka tena, na tulipovunja kipande cha jamvi tukakuta maji yametuama kwenye mchanga, ingawa mvua ilikuwa imekatika wiki mbili nyuma.

Mhandisi wa majengo

Ninakubaliana na fundi, na niongeze jambo ambalo wengi hulikosea. Watu huogopa kwamba gari litadidimia, ilhali kwenye udongo wa mbuga hatari kubwa ni banda kunyanyuliwa. Gari la tani 3 hugawa uzito wake kwa magurudumu manne, kila moja wastani wa kilo 750, na uzito huo hugusa sakafu kwenye eneo lisilozidi karatasi ya daftari dogo. Jamvi la unene wa sentimita 15 likiwa na wavu wa chuma huusambaza bila taabu. Lakini jamvi hilo lenyewe lina uzito wa takriban kilo 360 tu kwa kila mita ya mraba, wakati udongo wa mfinyanzi wa aina hii, ukilowa huku umebanwa, unaweza kusukuma juu kwa nguvu inayozidi tani 10 kwa mita ya mraba. Nyumba ya ghorofa hujitetea kwa uzito wake. Banda lako haliwezi. Ndiyo maana uzio wako, ulio mwepesi na umesimama kwenye udongo huo huo, umeshapasuka.

Kwa hiyo, ikiwa moramu iko mbali, usishindane na udongo. Jenga jamvi gumu linalopanda na kushuka likiwa kitu kimoja. Pembezoni weka mihimili ya upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 50, yenye nondo nne za milimita 12, mbili juu na mbili chini, na ringi (vyuma vinavyozifunga nondo hizo pamoja) za milimita 8 kila baada ya sentimita 20; mhimili mwingine upite katikati kwa upana. Wavu wa chuma ukae juu na chini ya jamvi, kwa sababu udongo ukivimba katikati zege hupasuka kuanzia juu. Ukubwa kamili wa nondo uhakikishwe na mhandisi atakayeuona udongo wako kwa macho.

Na tafadhali, usiliunge banda na nyumba. Nyumba iko kwenye kichanga na haitacheza, banda litacheza. Acha nafasi ya sentimita 2 na nusu kati ya kuta hizo mbili, uijaze kitu laini, na paa la banda lisimame kwa nguzo zake.

Mama mwenye nyumba, Kahama

Mimi si mtaalamu, ila nimeishi juu ya mbuga miaka 15, na nililojifunza ni kwamba unyevu ukibaki ule ule mwaka mzima, udongo hautulii tu, bali wewe mwenyewe unasahau kama upo. Tuliweka mifereji ya bati inayopeleka maji mbali, tukazungusha zege la upana wa mita 1 na nusu linaloinamia nje, na tukaukata mwarobaini uliokuwa hatua nne kutoka ukutani, kwa kuwa mizizi yake ilikausha upande mmoja tu. Nyufa zilizokuwepo tulizitazama misimu miwili. Zilipoacha kucheza ndipo tukazipiga plasta.

Muulizaji, Shinyanga

Nawashukuru sana. Nimechimba jana. Karibu na nyumba moramu ipo mita 0.9, lakini kona ya mbali nimefika mita 2 bado ni udongo mweusi, na chini ulikuwa na unyevu wa kufinyangika. Nafikiri tofauti hiyo ndiyo inayoondoa msingi wa ukanda, kwa maana upande mmoja ungekaa imara na mwingine ungecheza.

Mhandisi wa majengo

Umeona sawasawa. Nenda na jamvi lenye mihimili, na usimwage zege mwishoni mwa kiangazi nyufa zikiwa wazi. Subiri mvua za kwanza zizifunge, ardhi ikianza kukanyagika ndipo uchimbe, na mitaro isilale wazi: siku ile ile weka zege jembamba la sentimita 5 chini, kisha nailoni, kisha nondo.