Naomba ushauri: tofali za kufungamana au za kuchoma?

Wakuu, heshima kwenu. Namjengea mama nyumba ya vyumba viwili na sebule kijijini, Muheza. Anayoishi sasa ni ya miti na udongo, na kati ya ukuta na paa pana upenyo wa kupitisha mkono. Jioni mbu wanaingia hapo kama wamealikwa. Jiko la kuni liko ndani, kuta nyeusi tii, kikohozi hakimwachi.

Fundi anang'ang'ania tofali za kuchoma. Lakini tanuru linakula magogo mengi, na mwembe pekee uliobaki pale ndio anaoutolea macho! Mimi nimevutiwa na zile za kufungamana: udongo na saruji kidogo, zinashindiliwa kwa mashine ya mkono, zinamwagiliwa maji kivulini, moto hakuna.

Mliojenga nazo sehemu za mvua nyingi, zinadumu bila plasta? Udongo wetu mwekundu unanata sana. Niongeze mchanga kiasi gani, na mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi? Halafu nikiziba ule upenyo na kuweka wavu madirishani, joto la bati nitalipunguzaje? Dari ya jipsamu siiwezi.