Binti kaandikiwa ada ya nje ya jimbo (Clarkston, Georgia)

Kutoka: Mama Furaha, Clarkston

Ndugu zangu, hamjambo. Binti yangu amekubaliwa chuo, tukashukuru Mungu, tukapika. Juzi ikaja bili. Ada waliyomwandikia ni ya watu wa nje ya jimbo, zaidi ya mara mbili ya tuliyokuwa tunaihesabu. Sisi tuko Clarkston tangu 2014 tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mtoto huyu alianza darasa la kwanza hapahapa.

Nikaenda naye hadi dirishani pale chuoni. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu, simlaumu. Akatazama kompyuta, akatazama grini kadi ya binti, akamuuliza: “Kadi inasema wewe ni mkaazi wa kudumu. FAFSA yako, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo, inasema ni raia. Tushike lipi?” Binti akanigeukia mimi. Kijana akageuza kadi akaongeza kwamba hata hiyo kadi imeisha tangu Februari.

Baba yake aliapa uraia 2021, binti akiwa na miaka 13. Mwalimu wake akamwambia basi na wewe ni raia, jaza raia. Naye akajaza. FAFSA imerudi na ujumbe kwamba uraia haukuthibitika, na chuo kimetupa siku 30 kuleta ushahidi. Mimi mwenyewe bado sijaapa. Usiku silali, nawaza: je, mtoto ameidanganya serikali?

Re: kutoka kwa Kaka wa Lawrenceville

Mama Furaha, shikamoo. Lala usingizi, mtoto hakudanganya. Nimekaa ofisi ya misaada ya fedha ya chuo miaka sita na kesi kama yenu niliiona kila msimu.

Sheria ya uraia wa watoto iliyoanza kutumika Februari 27, 2001 inasema hivi: mtoto akiwa chini ya miaka 18, ana ukaazi wa kudumu, anaishi hapa Marekani chini ya uangalizi wa mzazi ambaye ni raia, basi anakuwa raia siku hiyohiyo mambo hayo yanapokutana. Haapi, hajazi fomu. Mzazi mmoja anatosha, kwa hiyo kwamba wewe hujaapa hakumpunguzii kitu. Binti yako ni raia tangu siku baba yake aliponyoosha mkono 2021.

Tabu ni kwamba hakuna anayewaambia. Uhamiaji hawamtumii barua. Ofisi ya Social Security, ile inayotoa namba za soshali, ambayo ndiyo FAFSA inaiuliza kwanza, bado inamjua kama yule mtoto mkimbizi wa 2014. Kompyuta inauliza, “huyu ni raia?”, inajibiwa “sijui hivyo”, nanyi mnapata ule ujumbe. Kwa hiyo msirudi kwenye FAFSA kubadilisha jibu liwe mkaazi. Wengi hufanya hivyo kwa hofu, halafu rekodi zinagongana zaidi.

Sasa tenganisha mambo, maana dirishani yalichanganywa. Ada ni jambo la jimbo. Vyuo vya umma vya Georgia vinataka vitu viwili: mwanafunzi aonyeshe yuko nchini kihalali, na wazazi wawe wameishi Georgia miezi 12 kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Hilo la pili mnalo, na kwa kuwa amemaliza sekondari hapa ndiyo kabisa. Hilo la kwanza kadi iliyoisha hailifungui, lakini je, binti anaendesha gari? Leseni ya Georgia ambayo haijaisha, iliyotolewa baada ya Januari 1, 2008, imo kwenye orodha ya karatasi zinazokubalika. Ipelekeni kwa msajili kesho, si ofisi ya misaada. Bili ya ada haina haja ya kungoja mambo ya FAFSA.

Msaada wa serikali kuu ni mlango mwingine. Pale wanataka ushahidi wa uraia wenyewe: pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia. Cheti kinaombwa kwa fomu N-600, na ada yake kwa karatasi ni dola 1,385. Pasipoti ya mtu wa miaka 16 na kuendelea ni dola 130 pamoja na 35 za kupokelewa fomu. Nadhani sina haja ya kusema ningechagua ipi. Ikifika, nakala moja chuoni, halafu apande basi aende nayo Social Security wasahihishe rekodi yake. Hawatozi kitu. Asipofanya hivyo, mwakani mtakutana na ujumbe uleule.

Na zile siku 30, msizitazame zikiisha. Mwandikieni afisa wa misaada leo kwamba pasipoti imeombwa, mkiwa na risiti. Kule ndani mtu aliyeandika na mtu aliyenyamaza hawawekwi fungu moja.

Swali langu: jina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana kwenye karatasi zote? Zote?

Re: kutoka kwa Mama Furaha

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Leseni anayo!

Kuhusu tarehe… Karatasi zote za ukimbizi zinasema Januari 1, kama nusu ya watu wa kambi yetu. Lakini mimi nilimzaa Julai, mahindi yameshavunwa, tarehe 14. Alipokuwa anajaza maombi ya chuo nilisimama nyuma yake nikamwambia, hapa andika siku yako ya kweli, umeshakuwa mkubwa.

Re: kutoka kwa Kaka wa Lawrenceville

Mama, hapo ndipo lilipo la tatu. FAFSA imekwenda na Januari 1, kwa sababu akaunti yenyewe haifunguki vizuri bila kulingana na Social Security. Maombi ya chuo yana Julai 14. Kwa kompyuta ya chuo hao ni wasichana wawili wenye jina moja. Aende kwa msajili na leseni hiyohiyo, aombe tarehe ibadilishwe iwe ile ya kwenye karatasi. Najua inauma.

Na majina pia. Kwetu mtu ana jina lake, la baba, la babu, na afisa wa uwanja wa ndege alichagua mwenyewe lipi liwe la ukoo. Lolote alilochagua, fuateni hilohilo kila mahali, hata kama kakosea, mpaka mtakapolibadilisha rasmi.

Re: kutoka kwa Da Zawadi, Stone Mountain

Kaka kaeleza vizuri ila karuka sehemu yenye miiba. Pasipoti ya mtoto aliyepata uraia kupitia mzazi haiombwi kwa leseni tu. Sisi tulipeleka cheti cha uraia cha baba, kile alichopewa alipoapa, chenyewe, si kopi. Grini kadi ya mtoto, na haikuwa tatizo kwamba imeisha. Na ushahidi kwamba huyu ni mtoto wa huyu. Mume wangu alikataa katakata kutoa cheti chake. Kakikunja kwenye nailoni, kakiweka kwenye begi la nguo, anasema hakuna posta itakayokibeba. Tulibishana wiki mbili. Kilirudi salama, kwenye bahasha yake peke yake, baada ya pasipoti kufika. Msishtuke pasipoti ikija bila cheti.

Cheti cha kuzaliwa hatukuwa nacho. Walituandikia barua kutaka ushahidi zaidi, tukapeleka cheti cha ubatizo na karatasi ya familia ya kambini yenye picha zetu. Wakakubali. Anzeni kuvitafuta sasa, msingoje barua.

Re: kutoka kwa mwanachama wa Decatur

Samahani kuingilia. Mimi kesi yangu ya hifadhi haijaamuliwa, nina kibali cha kazi na namba ya soshali. Jamaa ananiambia nikijaza FAFSA napata ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, hadi dola 7,395. Na mdogo wangu yuko hapa kwa viza ya masomo ya F-1, amemaliza mwaka, naye ahesabiwe mkazi kwenye ada?

Re: kutoka kwa Kaka wa Lawrenceville

Huyo jamaa usimsikilize kwa hili. Kibali cha kazi kinakuruhusu kufanya kazi, basi. Kwa msaada wa serikali kuu, hifadhi lazima iwe imekubaliwa. Siku ikikubaliwa, hungoji grini kadi. Ile barua ya uamuzi au I-94 (karatasi ya uhamiaji ya kuingia nchini) yenye mhuri inatosha, na chuo kitaikagua kupitia SAVE, mfumo wa uhamiaji wa kuthibitisha hadhi. Andika namba yako ya A, ile ya uhamiaji, ikiwa na tarakimu 9. Ya zamani ikiwa fupi, tanguliza sifuri.

F-1 hapana, hata akae miaka minne. Viza hiyo imetolewa kwa mtu aliyeahidi kurudi kwao, na miezi ya kukaa kwa masomo haimfanyi mkazi.

Tena nisisitize, maana wengine watasoma kesi ya Mama Furaha wakaiga: asiye raia asiweke alama kwenye “raia” popote, iwe FAFSA, kazini au fomu ya kupiga kura. Dai la uongo la uraia linaweza kumfukuzisha mtu nchi hata mwenye grini kadi. Binti wa Mama Furaha anaandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyo.

Re: kutoka kwa Mama Furaha

Jumatatu tulikwenda kwa msajili na leseni. Dakika kumi. Alhamisi bili mpya ikaja, ada ya wakazi. Tarehe nayo wamebadilisha. Binti alitia sahihi, mimi nikatazama dirishani. Fomu ya pasipoti tumepeleka posta na cheti cha baba yake, na risiti nimeituma kwa afisa wa misaada kama mlivyosema. Amejibu kwamba ameiweka kwenye faili.

Swali la mwisho. Mdogo wake ana miaka 16, naye anatembea na grini kadi tu. Nimngojee afike chuo?

Re: kutoka kwa Da Zawadi

Usingoje. Mpeleke mara tu cheti cha baba kikirudi. Kwa miaka 16 mzazi mmoja akienda naye inatosha. Wa chini ya hapo wangewataka nyote wawili.