Eti maandishi ni ya maskini! Wadau, huyu mtu atatumaliza

Kibuyu_Kisumu (mtoa mada):
Naandika mikono ikitetemeka. Nimetoka sasa hivi kwa mteja ninayemtengenezea saiti hapa Milimani, Kisumu, na huyo fundi wa grafiksi mnamjua. Mji mzima unamjua. Yule wa miwani ya jua ndani ya nyumba, mwenye kadi ya biashara nene kama kigae cha choo. Leo amenikatiza mbele ya mteja, akabandika kidole kwenye kioo cha laptopu yangu na kusema: "Maandishi ni ya maskini."

Kidole chenyewe kina mafuta ya sambusa! Maandishi ni ya maskini!

Kisa ni kichwa cha ukurasa. Nilikiandika vizuri ndani ya h1, alama ya kichwa kikuu cha ukurasa, "Vyumba vya kulala Milimani, Kisumu", kwa fonti ya wavuti, ile inayopakuliwa pamoja na ukurasa, faili dogo la WOFF2, kinapendeza. Yeye kang'oa vyote. Kaweka JPEG moja yenye maneno yale yale, inaitwa IMG_0047, alt (maneno ya kuieleza picha) hakuna, h1 hakuna. Picha nzito hiyo, bando linaisha haijafunguka. Sasa Google itajuaje kwamba pale kuna vyumba, na roboti yake hutegemea maandishi yaliyo kwenye HTML, yaani msimbo wa ukurasa? Na asiyeona anayetumia TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, asomewe nini, jina la faili?

Nikamwambia kwa heshima: kaka, kama lazima iwe picha, iweke ndani ya h1 na uipe alt yenye maneno hayo hayo, hapo hakuna kinachoharibika. Ndipo akatoa ile kauli. Na mteja akacheka! Mtu mzima ninayemwita Mama, akacheka!

Halafu sikieni. Chini ya ukurasa kajaza maneno meupe juu ya rangi nyeupe, "hoteli Kisumu hoteli Kisumu" mpaka kiama. Kuficha maandishi hivyo Google imekataza waziwazi, saiti inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Na ni yeye huyo huyo aliyesema maandishi ni ya maskini!

Menengai_Baridi:
Pole. Ila kilio chote hiki ni cha picha moja?

Nyuki_wa_Kondele:
Namjua huyo! Kwangu aligeuza menyu nzima ya hoteli kuwa picha. Bei ya omena ikipanda lazima apigiwe simu, na anatoza kila mara.

Mzee_wa_Seva:
Vijana, mambo haya tulipigana nayo 2003. Kuna mbinu iliitwa Fahrner Image Replacement: maandishi unayaficha kwa CSS, lugha ya kupamba ukurasa, picha unaiweka nyuma. Ikaonekana visoma skrini vinanyamaza kwa sababu ya display: none, amri ya CSS inayoficha kitu kabisa. Tukahamia text-indent: -9999px, maneno yanasukumwa nje ya skrini. Siku hizi fonti za wavuti zipo, tabu hiyo ya nini?

Kibuyu_Kisumu:
Mzee, ninyi angalau h1 mliiacha mahali pake. Huyu kaing'oa! Tena kidole kwenye kioo changu!

Binti_Lurambi:
Tumesikia kidole. Ulimjibu nini?

Kibuyu_Kisumu:
Nilifunga laptopu nikatoka. Mngejibu nini ninyi, mbele ya Mama anayecheka?

Menengai_Baridi:
Yaani umefukuzwa na sambusa 😂
Afadhali wewe. Huku Nakuru mteja wangu anataka kwaya yake ianze kuimba mtu akifungua ukurasa tu, na amekataa kitufe cha kuzima. Anasema injili haizimwi.

Binti_Lurambi:
Huyo wa kwaya si analipa? Wangu kila nikimpigia yuko matangani. Kila wiki anazika mjomba.

Nyuki_wa_Kondele:
Mjomba huyo huyo au mwingine?

Binti_Lurambi:
Nimeacha kuhesabu. Natuma rambirambi na ankara pamoja.

Kibuyu_Kisumu:
Jamani, turudi kwenye mada. Maandishi ni ya maskini?

Menengai_Baridi:
Dada, wa matanga mpe namba ya wangu, wapatane kwaya.

Mzee_wa_Seva:
Mimi nimelipwa kuku. Saiti nzima, na kikoa nimenunua kwa pesa yangu.

Nyuki_wa_Kondele:
Jogoo au mtetea?

Mzee_wa_Seva:
Jogoo. Analala juu ya ruta kwa sababu ina joto.