Naomba ushauri: kiroboti changu hakioni pazia

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, hapa nilipofika nimekwama.

Nimeunda kiroboti cha magurudumu mawili, ubongo wake ni Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), na mbele nimefunga kihisi kimoja cha mawimbi ya sauti, HC-SR04. Kazi yake nyepesi tu: kikikuta kitu ndani ya sentimita 25, kisimame, kirudi nyuma kidogo, kigeuke kushoto.

Ukuta kikiuendea uso kwa uso, kinatii vizuri sana. Balaa ni pazia, na ukuta kikiujia kwa mshazari. Hapo kinajigonga kana kwamba hakuna kitu. Nilipofuatilia vipimo kwenye kompyuta nikaona 61, 48, 37, halafu ghafla 0, 0, 212, kisha puu! Nahisi kitambaa kinameza sauti, na ukuta wa mshazari unairusha pembeni, hivyo mwangwi haurudi.

Nimeshapunguza mwendo. Nimejaribu pia kuchukua namba ya katikati ya vipimo 5. Namba zimetulia kidogo, kugonga kuko palepale. Waya nimezikagua mpaka nimechoka.

Sasa, hiyo 0, yaani mwangwi haukurudi, niichukulie kuwa njia ni nyeupe, au simama kwanza? Nikisimama kila 0, kwenye chumba kikubwa hakitatembea kabisa. Na je, niongeze kihisi cha leza kama VL53L0X, au servo (mota ndogo) ya kukigeuza hiki nilichonacho huku na huku inatosha? Pini za kuunganishia bado zipo.