Projekta ya sebuleni: LED ndogo mpya, Epson ya mtumba, au niongeze hela ninunue TV?

Kinyerezi_1
Wakuu, habari zenu. Sebule yangu ina urefu wa mita 4, madirisha mawili yanatazama magharibi. Nataka picha kubwa ya mechi za wikiendi, na katuni za watoto jioni. Bajeti ni laki nane, nikijibana nafika milioni. Nimezunguka Kariakoo, nimebaki na vitu vitatu: projekta ndogo ya LED ambayo boksi linasema lumeni (kipimo cha mwanga inaotoa) 9,000 na "4K", Epson ya mtumba, EB-X05 au EB-W05, au niachane na projekta kabisa ninunue TV ya inchi 55. Waliowahi kukaa navyo naomba mnipe tofauti.

fundi_lenzi
Mkuu, hiyo 9,000 isikuumize kichwa. Lumeni za kuaminika ni zile zilizoandikwa ANSI au ISO 21118, maana hizo zina utaratibu wa kupima: mwanga unapimwa sehemu tisa za picha nyeupe, unachukuliwa wastani, kisha unazidishwa kwa eneo la picha. Boksi likiandika "lumeni" tupu, muuzaji hajakuambia kitu. Hivi vidogo vya bei ya chini vingi vinacheza kwenye ANSI 200 hivi, na vingine havifiki hapo.

"4K" nayo ina maana kwamba inapokea video ya 4K, halafu inaishusha ilingane na kioo cha ndani kinachotengeneza picha. Uliza kioo chenyewe kina pikseli (vidoti vya picha) ngapi. Ukiambiwa 800 kwa 480, maandishi ya matokeo pembeni ya skrini hutayasoma vizuri.

Sasa piga hesabu. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25, eneo kama mita 2.75 za mraba. Lumeni 200 zikigawanywa hapo unapata lux (lumeni kwa kila mita ya mraba) 70 na kidogo. Epson hizo zimeandikwa lumeni 3,300, unapata lux 1,200. Projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi unaouona ni ukuta wako pale ambapo mwanga haujafika. Dirisha likimwaga mwanga ukutani, jezi nyeusi inakuwa kijivu, na hakuna kitufe cha kurekebisha hilo.

mama_zuu
Ninayo hiyo ndogo ya LED, naomba niitetee kidogo. Chumbani kwa watoto, usiku, taa zikiwa zimezimwa, picha ya inchi 60 inapendeza kweli. Eneo la inchi 60 ni mita 1 ya mraba tu, kwa hiyo mwanga ule mdogo unatosha. Tatizo linaanza mtu anapoivuta hadi inchi 120 halafu analalamika picha imefifia.

Kaka, ukienda huko tafuta ambayo sehemu ya lenzi na kioo imefungwa isiingize hewa. Zile zilizo wazi feni inanyonya vumbi mpaka ndani, baada ya muda unaona madoa yaliyofifia kwenye picha na huwezi kuyafuta bila kuifungua. Na iweke juu kabisa, watoto wasichungulie kwenye lenzi ikiwa inawaka.

mzee_wa_Luthuli
Niko Nairobi, mtumba wa Epson naushika kila siku. Ndugu yangu, herufi inayofuata EB kwenye jina inakuambia pikseli za kioo: S ni 800 kwa 600, X ni 1024 kwa 768, W ni 1280 kwa 800, U ni 1920 kwa 1200. Hiyo X05 ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, umbo lake ni 4:3. Ukiweka mechi inabakiza mistari myeusi juu na chini, unatumia 1024 kwa 576 tu. W05 inakupa 1280 kwa 720 kwenye mechi hiyohiyo. Kati ya hizo mbili mimi sisiti, chukua W05.

Kabla hujatoa hela, ingia kwenye menyu uangalie masaa ya taa. Halafu weka picha nyeupe tupu, kisha nyekundu, kijani na bluu, moja moja, zijaze skrini. Mle ndani kuna vioo vitatu, kila rangi na chake. Ukiona kona ina umanjano au wingu la bluu, kioo kimoja au kichujio chake kimechoka. Hiyo rudisha hata kama bei ni tamu. Chomoa pia kichujio cha hewa. Kikiwa kimeziba vumbi, ujue mashine imefanya kazi kwenye joto.

Kinyerezi_1
Asante mzee. Je, mita 4 zinatosha? Na umeme wa kwetu ukikatika katikati ya mechi?

fundi_lenzi
Zinatosha. W05 inahitaji umbali wa mara 1.3 ya upana wa picha, kwa hiyo inchi 100 inataka kama mita 2.9. X05 inaanzia karibu 1.5, hapo unafika mita 3.3 na projekta inakuwa nyuma ya vichwa vyenu. Ipange inyooke na ukuta. Usitegemee kunyoosha picha kwa menyu, kila unaponyoosha unapoteza pikseli.

Kuhusu umeme: taa ya Epson hizo ikizimika ghafla ikiwa ya moto, haiwaki tena mpaka ipoe, hata umeme ukirudi papo hapo. UPS ndogo (betri ya akiba) inasaidia, maana feni inaendelea kuzunguka. LED inawaka mara moja na haina habari hiyo, na taa yake hukadiriwa masaa 20,000 au zaidi.

Pwani_Tanga
Mimi nasema TV, na sababu ni madirisha yako. Mechi za England za Jumamosi zinazoanza saa 9 alasiri kwao, huku ni saa 11 jioni, au saa 12 kipindi chao cha baridi. Saa 11 jua la magharibi linaingia sebuleni kwako moja kwa moja. Ligi yetu nayo ina mechi za saa 10. Projekta itakufaa kwa zile za Ulaya za saa 4 na saa 5 usiku.

mzee_wa_Luthuli
Hapo kwenye jua nakubaliana nawe, ila pazia zito la rangi iliyokolea linabadilisha mambo. Hela inayobaki kwenye W05 anunue pazia na spika ya waya. Spika ya Bluetooth inachelewesha sauti, utasikia shuti baada ya mpira kuingia.

Kinyerezi_1
Mke wangu ameridhia mapazia. Naenda kuangalia W05 Jumamosi. Ukuta niupake nini?

fundi_lenzi
Rangi nyeupe isiyong'aa, juu ya ukuta uliopigwa skimu vizuri. Inayong'aa itakurudishia mwanga wa lenzi machoni. Na Jumamosi nenda na king'amuzi chako na kebo yako ya HDMI, uombe iwashwe kwa saa nzima, taa za duka zikiwa zinawaka. Isikilize feni pia inapopata moto.