Marhamu ya Whitfield: vaselini au msingi wa emalsheni, na ni jaribio gani linafaa kwa ngozi yenye afya?

Mchanganyadawa_Tanga:

Salaam, wanajukwaa. Katika hospitali ninayofanyia kazi tunachanganya wenyewe marhamu ya Whitfield, yaani asilimia 6 ya asidi ya benzoiki na asilimia 3 ya asidi ya salisiliki, kwa ajili ya wagonjwa wa choa na fangasi wa miguu. Tumezoea kutumia vaselini kama msingi, yaani kitu kinachobeba dawa, lakini wagonjwa wanalalamika kwamba inachafua nguo na haitoki kwa maji, na wengine huacha dawa kabla ya kupona kwa sababu hiyo tu. Limetolewa pendekezo tuhamie kwenye marhamu ya emalsheni, ambayo ndiyo msingi uliotajwa kwa dawa hii katika kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza: asilimia 30 nta ya emalsheni, asilimia 50 vaselini na asilimia 20 parafini ya maji.

Kabla mgonjwa hata mmoja hajapewa, ninataka kujua ngozi yenye afya inauvumiliaje msingi huo mpya. Ninaona njia tatu. Ya kwanza ni jaribio la wazi la kurudiarudia, ambapo mtu hupaka mara mbili kwa siku sehemu moja ya mkono kwa wiki moja au zaidi bila kufunika. Ya pili ni jaribio la kufunika, ambapo dawa huwekwa chini ya plasta mgongoni kwa saa 48. Ya tatu ni jaribio la siku 21 la muwasho unaolimbikizana, ambapo plasta hubadilishwa tena na tena mahali palepale. Ninaomba wenye uzoefu walinganishe, wakizingatia kwamba hatuna maabara ya ngozi.

DktNgozi_Moshi:

Ndugu Mchanganyadawa, swali lako ni zuri, lakini ndani yake mna maswali mawili ambayo hayajibiwi kwa jaribio moja. Dawa inaweza kuichubua ngozi ya mtu yeyote ikipakwa kwa kiasi na muda wa kutosha. Huo ni muwasho wa kawaida. Inaweza pia kuamsha mzio kwa mtu mmoja kati ya wengi, hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu kinga ya mwili wake imekwisha kukijua kiambato fulani. Jaribio la kufunika lilibuniwa kwa ajili ya swali la pili. Josef Jadassohn alilieleza mwaka 1895, akitumia zebaki, na mpaka leo kliniki za ngozi hufuata utaratibu uleule kwa jumla: plasta huondolewa baada ya saa 48, majibu husomwa siku hiyo na kusomwa tena siku ya tatu au ya nne, na kwa viambato kama neomaisini, ambayo ni antibiotiki, na dawa za jamii ya kotizoni husomwa hata siku ya saba, kwani mzio wake huchelewa kujitokeza.

Sasa fikiria utakachokipata ukiiweka marhamu ya Whitfield nzima chini ya plasta. Asidi ya salisiliki kazi yake ni kulegeza na kubandua tabaka la juu la ngozi, na ngozi iliyofunikwa hupenyeza dawa zaidi ya iliyo wazi. Baada ya saa 48 utaona wekundu na ngozi iliyochubuka, nawe hutaweza kusema kama ni mzio, kama ni msingi mpya, au kama ni asidi inayofanya kazi iliyowekewa. Kwa hiyo marhamu kamili isifunikwe. Kama kuna cha kufunika, ni msingi mtupu usio na dawa, na hilo lifanyike kliniki kwa mtu anayeshukiwa kuwa na mzio, hasa wa pombe ya setostearili iliyomo ndani ya nta ya emalsheni.

Kuna jambo lingine ambalo naliona ndilo kiini cha ulinganisho wako. Nta ya emalsheni ina takribani asilimia 10 ya sodiamu laurili salfeti, kemikali ya jamii ya sabuni. Piga hesabu: katika marhamu ya emalsheni inabaki kama asilimia 3. Kemikali hiyohiyo ndiyo watafiti wa ngozi huipaka kwa makusudi wanapotaka kuwa na mfano wa ngozi iliyowashwa wa kulinganishia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha matokeo ya watu 6 wenye ngozi yenye afya waliopaka krimu ya maji (aqueous cream) mikononi kwa wiki 4, krimu ambayo kemikali hiyo ndani yake ni kama asilimia 1 tu. Tabaka la juu la ngozi lilipungua unene kwa wastani wa asilimia 12, na maji yanayovukizwa na ngozi yakaongezeka. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari kuhusu krimu hiyo, hasa kwa watoto wenye ukurutu, yaani pumu ya ngozi. Marhamu yako haina maji, na huenda kemikali hiyo ikaifikia ngozi kwa namna tofauti, lakini hapo ndipo palipo na haja ya kupima badala ya kukisia.

Mchanganyadawa_Tanga:

Daktari, nashukuru sana. Je, madhara ya namna hiyo yanaweza kuonekana katika wiki moja ya jaribio la wazi?

DktNgozi_Moshi:

Siku 7 ndizo zilizopendekezwa na Hannuksela na Salo walipoliwekea jaribio hilo utaratibu mwaka 1986, lakini wao walikuwa wanatafuta mzio. Kwa muwasho unaokuja polepole ningeendelea hadi wiki 4, kwa sababu mgonjwa wa fangasi wa miguu mwenyewe atapaka kwa wiki kadhaa. Upakaji uwe mara mbili kwa siku, upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, eneo la sentimita 5 kwa 5, kiasi kidogo kinachotandaa bila kuacha tabaka nene. Mkono mmoja upakwe dawa yenye vaselini, mwingine dawa yenye msingi mpya. Mtu wa tatu ndiye ayaandike makopo A na B na kutunza siri, ili anayepaka na anayesoma wote wasijue kipi ni kipi. Bila ulinganisho huo wa mkono kwa mkono utapima athari ya asidi na kuilaumu nta.

Muuguzi_Pemba:

Naomba kuongeza kuhusu usomaji, maana hapo ndipo majaribio mengi huharibika. Vitabu vinaeleza wekundu, na picha zake karibu zote ni za ngozi nyeupe. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani hivyo. Mwanzoni huwa ni kivuli cha zambarau au kahawia iliyokolea, mara nyingine hakuna rangi kabisa ila ngozi imekuwa ngumu kidogo na yenye joto. Mimi humkalisha mtu karibu na dirisha, mwanga umpige kwa ubavu, kisha napitisha mgongo wa kidole kutoka ngozi isiyopakwa kuingia kwenye eneo lililopakwa, nimefumba macho. Ukingo wa uvimbe huhisiwa na kidole kabla jicho halijauona. Vipele vidogo vyenye maji na hamu ya kujikuna inayovuka mpaka wa eneo lililopakwa vinaelekeza kwenye mzio. Kuungua kunakoanza mapema, kukaishia ndani ya mpaka na kupungua dawa ikisimamishwa, kunaelekeza kwenye muwasho wa kawaida. Siyo kanuni isiyovunjika, lakini inasaidia kuamua nani apelekwe kwa daktari.

Washiriki waambiwe pia kwamba weusi unaweza kubaki miezi kadhaa baada ya ngozi kutulia. Mtu aliyekubali kujitolea ana haki ya kulijua hilo kabla ya kupakwa mara ya kwanza.

Kuhusu jaribio la kufunika hapa pwani, plasta hung'oka kwa jasho. Ikiachia upande mmoja hewa huingia na jibu halina maana tena. Mshiriki aombwe asioge mgongo wala kufanya kazi nzito kwa saa hizo 48, jambo ambalo kwa wengi ni gumu mno.

MamaPacha:

Samahani kuingilia wataalamu. Mwanangu wa miaka mitatu ana choa kifuani na pia ana pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya miguu. Nikijipakia mimi mkononi na nisidhurike, je, naweza kumpaka naye?

DktNgozi_Moshi:

Mama, nashukuru kwa kuuliza kabla ya kupaka. Mkono wako hauwezi kumsemea mtoto. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, hivyo asidi ya salisiliki ikipakwa sehemu pana huingia mwilini kwa kiwango ambacho kwa mtu mzima kisingekuwa na uzito. Mikunjo yenye pumu ya ngozi ni mlango uliokwisha kufunguliwa: hata dawa ambayo ngozi nzima inaivumilia huichoma pale. Usimpake Whitfield kwenye pumu ya ngozi hata kidogo. Kwa choa cha kifuani, mpeleke kituo cha afya. Kuna krimu za fangasi zisizochubua, kama klotrimazoli, ambazo kwa umri wake zinafaa zaidi.

Hilo linanikumbusha jambo ambalo Mchanganyadawa anapaswa kuliandika kwenye matokeo yake. Jibu la mkono ni jibu la mkono. Feldmann na Maibach walipopima mwaka 1967 jinsi haidrokotizoni inavyopenya sehemu mbalimbali za mwili, ngozi ya korodani ilipitisha mara 42 ya ile ya upande wa ndani wa mkono. Wagonjwa wengi wa fangasi wana ugonjwa huo kinenani. Msingi ukivumiliwa mkononi kwa wiki 4, bado hamna ruhusa ya kusema ni salama kinenani.

Mtafiti_Nairobi:

Nimesoma kwa makini, nami nakubaliana na jaribio la wazi. Niseme neno kuhusu njia ya tatu, kwa sababu limeachwa. Jaribio la siku 21 hutumiwa na watengenezaji wa dawa wanapotaka kuipanga bidhaa yao kati ya kitu kisichowasha, kama vaselini, na kitu kinachowasha kwa hakika, ambacho mara nyingi ni hiyohiyo sodiamu laurili salfeti. Kulinganisha misingi miwili linaweza vizuri sana, tena kwa ukali kuliko jaribio la wazi. Lakini linahitaji washiriki wengi, msomaji aliyefunzwa na daktari wa kuwaangalia, na kwa marhamu yenye asidi litamchubua karibu kila mtu. Kwa hospitali ya mkoa siliungi mkono.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kibali. Mara unapompaka mtu mwenye afya dawa asiyoihitaji ili upate jibu, umeingia katika utafiti, na tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, mwongozo wa madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa binadamu, utafiti wa aina hiyo hauendi bila ridhaa ya hiari. Kwenu Tanzania Bara zungumzeni na kamati ya maadili ya hospitali, nayo itawaeleza kinachotakiwa kupelekwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Tafadhali msiwatumie wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wala wahudumu walio chini yenu. Mtu anayeogopa kupewa alama mbaya au zamu mbaya hawezi kusema hapana.

Mchanganyadawa_Tanga:

Nimewaelewa. Nitaandika pendekezo la jaribio la wazi la wiki 4, mkono kwa mkono, makopo yakiwa yamefichwa majina, na nitaliwasilisha kwa kamati kabla ya kuchanganya chochote. Jaribio la kufunika tutaliacha kwa kliniki ya ngozi, na kwa msingi mtupu tu. Mpaka majibu yapatikane, wagonjwa wataendelea na vaselini. Muuguzi wa Pemba, ukiniruhusu, maelezo yako ya usomaji nitayaweka kwenye fomu kama yalivyo.

Muuguzi_Pemba:

Umeruhusiwa, ndugu yangu. Ongeza mistari miwili: mshiriki akihisi kuungua kunakomzuia kulala, au akiona malengelenge, aache siku hiyohiyo na aoshe kwa maji bila kusubiri siku ya kusomwa, na aliyeacha ahesabiwe kwenye matokeo, asifutwe kwenye orodha. Pembe nne za eneo zichorwe upya kila anapooga, kwa sababu wino wa kalamu hautadumu wiki 4.