Tupeane uzoefu: magoti na vidole vinavyouma, ni nini hasa kinachosaidia?

Mwanzilishi wa uzi
Julai imeingia, jua la Nairobi limejificha, na wenye magoti wanaihisi baridi hii kabla hawajatoka kitandani. Tuweke hapa yanayotuliza maumivu ya viungo siku kwa siku, lakini kwa vipimo: kiasi gani, mara ngapi, na watu hukosea wapi.

Kwanza tutofautishe, maana kila kitu tunakiita baridi yabisi. Goti linalouma ukitembea, likatulia ukikaa, na kukakamaa asubuhi kwa chini ya nusu saa, mara nyingi ni gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa) lililolika. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa kwa saa nzima au zaidi kila asubuhi, fikiria rumatoidi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Hiyo haingojei, kwa sababu mifupa inaharibika wakati mtu anapaka mafuta. Kidole gumba cha mguu kikiwaka ghafla usiku hadi hutaki shuka ikiguse, hilo huenda ni jongo (gauti). Na kiungo kimoja kilichovimba na kuwa moto huku mtu ana homa ni hospitali siku hiyo hiyo. Huenda kuna usaha ndani.

Mfamasia wa mtaani
Kwa goti na vidole, anzeni na jeli ya diklofenaki kabla ya vidonge. Inafanya kazi pale inapopakwa, na ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu. Shida ni kwamba watu huipaka kama manukato. Goti moja linahitaji gramu 4 za jeli ya asilimia 1, hadi mara nne kwa siku. Piga hesabu: tyubu ya gramu 30 inatosha kupaka mara saba tu. Ikikaa mwezi mzima kabatini, usiseme dawa haifanyi kazi, goti halijaipata. Paka mbele, pembeni na nyuma, usioge kwa saa moja, usifunge bandeji wala kuweka kitu cha moto juu yake. Mkono unahitaji gramu 2, na baada ya kuupaka usinawe kwa saa moja.

Parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500, saa sita zipite kabla ya vingine, visizidi vinane kwa siku. Nguvu yake kwa goti ni ndogo, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyo hiyo ndani, kwa hiyo soma pakiti.

Diklofenaki na ibuprofeni za kumeza ni ndugu. Ukizichanganya, huongezi nafuu, unaongeza vidonda vya tumbo. Meza baada ya chakula, kwa siku chache iwezekanavyo. Mzee anayemeza dawa za presha, hasa zile za kukojoza, asinunue hizi dukani kienyeji, figo zake zinaweza kuzidiwa. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha na uende hospitali mara moja.

Mkazi wa Umoja
Asante daktari. Na zile dawa za mitishamba wanazouza kwenye matatu, mbona shosho akimeza mbili anaamka anatembea?

Mfamasia wa mtaani
Hapo ndipo pa kuogopa, ndugu yangu. Mti wa kumaliza maumivu ya goti kwa usiku mmoja haujulikani. Steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, inayoweza kufanya hivyo inajulikana. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama vya asili, kumbe vilikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, pamoja na diklofenaki, na hazikuandikwa kwenye chupa. Dalili za steroidi: uso kuwa wa mviringo, njaa isiyoisha, presha na sukari kupanda, ngozi kuchubuka kirahisi. Kama shosho amezimeza kwa wiki kadhaa, msimkatize ghafla, kwa maana mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake na anaweza kuzirai. Mpelekeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Fizio wa Eastlands
Mkongojo. Naona watu wengi mjini wameushika upande mbovu. Ushike kwa mkono wa upande wa goti ZIMA, kisha mkongojo na mguu mbovu viende mbele pamoja. Urefu: simama wima na viatu vyako, mikono ikining'inia, kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ule wa mbao ukiwa mrefu, fundi aukate chini kisha auvishe mpira. Mpira uliolika ubadilishwe, kwenye vigae vilivyolowa unateleza vibaya.

Kupanda matatu au ngazi za daraja la Thika Road, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza mkongojo na mguu mbovu. Mwambie makanga mapema unaposhuka, na usiinuke kabla gari halijasimama.

Mazoezi, kwa sababu musuli wa paja ndio unaobeba goti. Kaa kitini, nyoosha mguu hadi ulale sambamba na sakafu, hesabu hadi tano, shusha polepole. Mara 10, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu, miguu yote miwili. Kisha inuka kitini bila kujishika, mara 10, kiti kikiwa kimeegemea ukuta. Ukishindwa, ongeza mto juu ya kiti. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu, ilimradi kesho yake yametulia. Goti likivimba, punguza nusu, lakini usiache. Wengi huacha wiki ya pili, na nguvu huonekana karibu na wiki ya sita. Inaudhi sana kuona mtu amekomea njiani.

Uzito pia: kilo moja ikipungua, goti linaondolewa mzigo wa kama kilo nne kila hatua.

Mama Chapo
Upande wa jikoni. Mwiko wa ugali ushikwe kama mchi, kidole gumba kikiwa juu, usonge kwa bega na kiwiko badala ya kukunja kifundo. Kifimbo cha chapati kisukume kwa viganja vilivyofunguka, vidole visikishike kabisa. Mpini mwembamba wa kisu unakifanya kidole gumba kibane sana, kwa hiyo omba fundi wa baiskeli kipande cha tyubu kuukuu, kata utepe wa upana wa vidole viwili, uuzungushe kwenye mpini hadi unene ujaze kiganja. Hautelezi hata mikono ikiwa na mafuta.

Kukamua nguo ndiko kunakomaliza gumba. Jinzi na blanketi zining'inize zichuruzike zenyewe. Na kile kigoda cha chini cha kufulia, wekeni beseni mezani mtu afue amesimama. Kuinuka kutoka pale chini kunalitwika goti mzigo zaidi kuliko kufua kwenyewe.

Mteja wa Gikomba
Viatu vya mitumba: weka kiatu juu ya ubao ulionyooka, kitazame kutoka nyuma. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, kirudishe, kitakupindisha goti kila hatua. Soli ikunjike penye vidole tu, isikunjike katikati.

Mfamasia wa mtaani
Nimesahau jambo kubwa. Aliyeandikiwa methotreksati ya rumatoidi: ni MARA MOJA KWA WIKI. Kuimeza kila siku kunaua. Chagua siku, tuseme Jumapili, uiandike kwa kalamu kwenye pakiti, na anayekusaidia kumeza dawa aijue pia.

Mkazi wa Umoja
Na joto au barafu?

Fizio wa Eastlands
Kiungo kilichokakamaa bila kuvimba, joto. Kilichovimba na kuwaka, baridi. Dakika 15 hadi 20, kitambaa kikiwa kati yake na ngozi. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi asiweke maji moto, ataungua bila kujua. Na asiye na friji achovye taulo kwenye maji ya mfereji alfajiri, mwezi huu yana baridi ya kutosha.